Noti za Baba na Pasi ya Mama

Ijumaa, Granville. Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyozidi wala kukatika, na nina huzuni isiyotokana na hali ya hewa.

Leo nimepeleka noti za Baba zikathaminiwe.

Ni noti tano za Kanada, za dola ishirini kila moja, za zamani, zenye picha ya malkia akiwa bado kijana. Kabla sijazaliwa Baba alikuwa mpishi wa padri mmoja Mkanada huko Uvira. Padri alipokuwa akirudi kwao alimpa hizo tano, mpya kabisa kutoka benki, namba zake zinafuatana. Baba hakuzitumia. Alizibana katikati ya makaratasi magumu ndani ya kopo la biskuti, na kopo hilo likavuka ziwa pamoja nasi mpaka kambi ya wakimbizi Tanzania. Tulipohojiwa ili tupelekwe Kanada, alisema atakwenda kununua soda huko kwa pesa yake mwenyewe. Jibu likatoka Australia, ndiko tuliko sasa. Baba akacheka, akafunga kopo.

Alifariki mwaka jana. Kaburi lake hadi leo lina kijiti chenye namba tu. Mwezi ujao tunaondoa matanga, kufunga mwaka wa msiba, na Mama anataka siku hiyo kuwe na kibao cha shaba chenye jina la mumewe. Akiba yangu iliishia kwenye mazishi. Basi juzi niliingia mtandaoni kutazama noti kama zile, ambazo hazijapita mikononi mwa watu, zinauzwa bei gani. Nikapiga hesabu, nikarudia. Kwa hesabu hiyo kibao kilipatikana. Nilipomwambia Mama alipiga vigelegele jikoni, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba.

Duka la sarafu na noti za zamani liko Parramatta. Mzee mwenye duka alizishika kwa kibano, akaziinamisha kwenye taa, akavua miwani.

"Someone's ironed these," akasema, kwa upole kama daktari: zimepigwa pasi.

Alinieleza vizuri, sina la kumlaumu. Noti mpya ina ukwaru wake, wino wake umeinuka kidogo, na wakusanyaji hulipia hicho hasa. Pasi inalaza kila kitu na kuacha mng'ao. Sasa zina thamani ya kile kilichoandikwa juu yake, na nyongeza ndogo. Kama zingekuwa zimejikunja kona kidogo tu kwa unyevu, isingekuwa neno.

Nilijua papo hapo ni mkono wa nani.

Kwetu, dola yenye mkunjo hukataliwa. Mbadilishaji pesa anaitazama, anaisugua, anakurudishia. Mama ameuza vitenge sokoni miaka mingi, na jioni kazi yake ilikuwa kulowesha kitambaa, kukitandika juu ya dola na kupitisha pasi ya mkaa. Hakuna mtu aliyemkatalia noti.

Kwenye treni nilikasirika sana. Nasema kweli, nilitaka kufika nyumbani na kumgombeza mama yangu mzazi.

Alikuwa ananingoja mlangoni.

"Alisema nini, mwanangu? Aliona vile ziko safi? Ni miye nilizipiga pasi jana. Sikutaka bamucheke baba yako."

Hasira ikaniishia pale pale. Nikamwambia mzee amesema aliyezitunza miaka yote hiyo alizitunza vizuri, na hilo amelisema kweli. Nikaongeza kwamba nilipoziona mezani kwa mtu nilishindwa kuziuza. Hilo la pili nimelitunga mwenyewe.

Akazipokea kwa mikono miwili. Kisha akauliza kuhusu kibao. Nikasema usijali, nimeshapata zamu za Jumamosi na Jumapili kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Zamu zenyewe sikuwa nazo. Nimejifungia bafuni, nikampigia meneja, nikaomba, na amekubali kuanzia kesho.

Je, kuna siku nitamwambia? Sidhani. Lakini kumficha Mama kitu kunaniuma, hata kitu kama hiki.

Ninapoandika haya nasikia harufu ya kitambaa chenye joto. Mama amesikia kwamba kesho nina zamu ya ziada, amechukua sare yangu na kuitandika mezani. Anaanza na kola, anakuja kwenye mikono, taratibu, huku anaimba.

Kesho nitaingia kazini bila mkunjo hata mmoja.