Bangili za Kulwa na Doto

Fundi Rajabu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana kazi zako zote nimeshazirithi. Safari hii sikuletei kilio. Tumeshinda, Fundi! Watu wa bima wamekubali madai ya bangili za Kulwa na Doto, na hapa Kambarage hakuna tena mdomo wa kukuita mwizi.

Ngoja nieleze vizuri, ulikuwa unanigombeza kwa kuanzia mkiani.

Ulikufa ukijua wanavyosema. "Basi limeingia mtoni, yeye katoka, dhahabu ndiyo imekufa maji?" Walisema hivyo kwenye foleni ya sukari, nami nimesimama papo hapo na kikapu changu. Ulizipeleka mwenyewe Chato, mabibi harusi hao pacha wakikungoja, ukarudi na mbavu zilizovunjika na mikono mitupu. Mama Kulwa hakukupa hata pole. Dhahabu ile ilikuwa ya marehemu mama yake, naujua uchungu wake. Lakini alipokuita mla dhahabu mbele ya wateja, kidogo nimrushie tupa.

Wewe pale kitandani unaniambia, "Minza, usigombane na mtu. Bima watasema." Bima! Ulipoikata kwa ajili ya safari ile nilikucheka, nikawaambia majirani mzee wangu analipia ajali ambayo haijazaliwa. Nisamehe, Fundi. Nilikuwa mjinga wa kutupwa.

Baada ya arobaini yako akaja bwana mmoja wa bima kutoka Mwanza, suruali pana chini inafagia vumbi letu. Akataka kujua bangili zilikuwa na ukubwa gani. Mchoro hakuna, picha hakuna. Ndipo nikazikumbuka za shaba.

Unakumbuka nilivyozichukia? Kila bangili ya dhahabu, kwanza ya shaba, umbo lile lile, unene ule ule, na mteja aivae wiki nzima akitwanga na kuchota maji. "Bangili isiyoonja mchi haijui mkono." Mimi nikinung'unika kwamba tunafanya kazi moja mara mbili. Za Kulwa na Doto zilirudi zikiwa na makovu, na ya Doto ukaipanua kidogo, maana yeye hutwangia mkono wa kushoto. Ukapima, ukaunda za dhahabu, na zile za shaba Mama Kulwa akakuomba abaki nazo za kwendea shambani.

Kwa hiyo ushahidi wako ulikuwa mkononi mwa mtu aliyekutukana. Nilikwenda kwake asubuhi. Nikamwamkia kwa heshima zote, mwangaluka, akaitikia kwa pua. Nikamwambia wazi: mama, ukinipa zile za shaba, ama Fundi wangu ataonekana mwizi mbele ya serikali nzima, ama utamwomba radhi. Alinitazama mpaka uji wake ukafurika jikoni. Kisha akazivua, akajitanda khanga, akasema twende wote.

Bwana wa bima akaziweka kwenye mizani yetu. Akasoma, akafungua karatasi ulizojaza, akatabasamu. Akasema, "Unaona? Fundi wako aliandika uzito karibu mara mbili. Alidanganya." Mama Kulwa akapiga kofi la mshangao, akanigeukia. Fundi, pale moyo ulinishuka. Nilisikia jina lako likizama mara ya pili.

Halafu nikacheka. Kumbe msomi mzima anadhani shaba na dhahabu ni uzito mmoja!

Nilivua hereni yangu moja, ile ya waya wa dhahabu uliyoniundia nilipojua kuchomelea. Nikaichoma ikalainika, nikainyoosha, nikaipitisha kwenye tundu dogo la bamba la kuvutia waya. Nikapitisha na waya wa shaba kwenye tundu lile lile. Nikavikata vipande vya urefu mmoja mbele ya macho yake, nikamwambia avishike, avipime kwa rula yake mwenyewe. Sawa? Sawa. Dhahabu upande huu wa mizani, shaba upande ule.

Dhahabu ikaenda chini, pu!

Nikaongeza kipande cha pili cha shaba. Mizani ikapanda taratibu, ikakaribia kusawazika. Nikamwambia, "Haya bwana, hebu soma tena uzito alioandika Fundi Rajabu." Alisoma. Akapiga hesabu, akaifuta, akapiga tena. Akatoa kitambaa akajipangusa shingo. Karatasi yako ilikuwa sahihi, hukuongeza hata chembe kwa tamaa. Akaandika ukurasa mzima na kutia sahihi, na mimi nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu.

Walilipa. Ilichukua muda, barua zikaenda na kurudi, lakini walilipa, na Mama Kulwa akaniletea mimi kazi. Mimi! Nimeanza na shaba, nikawatumia mabinti wazivae wiki nzima. Mwezi uliopita za dhahabu nimezipeleka Chato, kwa basi la njia ile ile, nikivuka ule mto nimefumba macho. Doto alipovaa alilia. Kulwa akaniuliza kwa nini na mimi nalia, nikamwambia moshi, na hapakuwa na moto popote.

Mama Kulwa yeye alikwenda sokoni siku ya gulio, akasimama kwenye mafungu ya dagaa, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Fundi Rajabu hakuniibia. Mimi ndiye niliyemwibia jina lake." Mzee mmoja akasema wabeja, yaani asante, na wengine wakaitikia.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Wiki ile tuliyokuzika, nilikitoa mlangoni kibao chenye jina lako. Si watu waliokitoa, Fundi, ni mimi. Niliogopa wateja watanikimbia. Nilikigeuza, nikakifanya meza ya kukatia vitunguu.

Jana nimekisugua kwa majivu mpaka harufu ikaisha, nimekigongomea pale pale. Jina langu sikuliongeza. Lala salama, baba yangu wa kazi. Nakuahidi, mkono uliokitoa hautakigusa tena, ila kukifuta vumbi.

Mwanafunzi wako,
Minza