Kigoda cha Baba Kilichokataa Rangi

Karakana ya Samani,
Njia ya Qurus, Karatu.
7 Julai 2024

Mpendwa dada yangu Seenoi,

Nakusalimu wewe na wote walioko hapo Enguserosambu. Goti la mama linaendeleaje? Mvua imewaachia ng'ombe majani ya kutosha? Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kwa kuinama, na vumbi la hapa limenipa kikohozi kisichokwisha.

Kazi ni ile ile. Tunapaka rangi ya chaki makabati na viti vya zamani vya hoteli za watalii. Unakoroga unga wa jipsam na maji, unachanganya na rangi, unapaka bila hata kupiga msasa. Ikikauka unakwangua kona ili kitu kionekane kimechoka, halafu unasugua nta. Wageni wanapenda kitu kilichochoka. Mimi nimechoka na sijaona anayenipenda kwa hilo.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Ningekupigia simu ungeweka sauti ya nje kama kawaida yako, na boma zima lingesikia.

Kigoda cha marehemu baba, mlichonipa Krismasi nikaunge mguu wenye ufa, nimekiharibu. Mguu niliuunga vizuri. Lakini nilikiweka kwenye mstari mmoja na viti vya hoteli, mkono umezoea, nikakipaka nyeupe. Hakuna aliyenituma.

Asubuhi yake mafuta yalikuwa yametokeza juu ya rangi. Unakumbuka baba alivyokuwa anakisugua kwa mafuta ya kondoo, na hakuna mwingine aliyekikalia. Nikapaka mara ya pili, na ya tatu. Doa likarudi pale pale alipokuwa anakaa. Msimamizi wetu Hhando, Mwiraqw mwenye maneno mengi, akaja kutazama. "Supeet, mzee wako hataki kwenda hotelini," akasema. "Mwache arudi kwa ng'ombe wake." Wenzangu wakacheka. Nikatafuta kipande cha chupa, nikakwangua siku mbili baada ya kazi.

Mti umeonekana tena, lakini umepauka, na kwenye nyufa kuna weupe usiotoka. Najua mwezi ujao kaka Koinet atakikalia wazee wakimbariki kushika boma la baba. Wanaweza kusema kigoda kimechezewa, wakaghairi kumbariki.

Usikifiche. Mwonyeshe mama kwanza, kisha Koinet, kabla wazee hawajafika. Kisugue kwa mafuta ya kondoo kila siku, hasa hapo katikati. Sijui kama itatosha. Koinet akikataa kukikalia, usimbembeleze. Mwambie ni mimi niliyepaka, si fundi mwingine. Siku hiyo nitakuja niseme mwenyewe mbele ya wazee, hata kama nikirudi huku nitakuta mtu mwingine ameshika brashi yangu.

Kabati lako la vyombo uliloniulizia, hilo nitakuja na unga nilipake. Halina jasho la mtu.

Kigoda anakileta Lemayian wa kwa mzee Kimaren, kimo kwenye gunia. Lifungulie ndani. Nisalimie mama, kaka Koinet, na Resiato na wanawe. Mungu awape majani, maziwa na wazee wenye huruma.

Mdogo wako anayekupenda hata anapokosea,
Supeet