Cherehani ya Mji Mtupu

Jumatatu, 4 Machi

Bonge amerudi! Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, mzima kabisa — mikono miwili, miguu miwili. Mama kapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Jina la Bonge sasa linachekesha, maana shingo inacheza ndani ya kola. Jina limebaki, mtu kakonda.

Na zawadi juu! Kashusha kwenye lori la jeshi cherehani nzima, ile ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake, imeviringishwa blanketi. Yako hii, dada, kasema, hicho kimeo chako katupe. Nimelia mbele za watu. Nani asingelia? Miaka yote nashona kwa mashine ya mkono inayonuna kila ikiona kitambaa kizito.

Nikamuuliza kaipata wapi. Kainunua. Kwa nani? Akasema kwani dada siku hizi umeajiriwa polisi? Tukacheka wote. Mimi nilicheka huku namwangalia. Ndivyo nilivyoumbwa. Marehemu shangazi, aliyenifundisha kushona, alikuwa akisema mimi hata nikipewa maji ya kunywa nanusa kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimepata nafasi ya kufungua blanketi. Chini ya mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana nguo, kuna kitambaa.

Hilo lenyewe si ajabu. Fundi yeyote akifunga kazi anaweka kipande cha tambara pale, anashusha chuma, anafunika, ili meno yanayosukuma nguo yasisagike. Shangazi alinichapa vidole kwa futi ya kupimia kwa kusahau. Lakini hiki si tambara! Ni bega la shati la mtoto, na mkono wake unaungwa. Mshono umefika nusu. Sindano imezama ndani ya nguo, uzi bado umo. Shati lililobaki halipo. Limekatwa kuzunguka chuma, kwa kisu, ovyo ovyo, nyuzi zimechomoka. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hakati nguo hivyo.

Nikapima tundu la mkono kwa vidole. Mtoto wa miaka sita, labda saba. Kitambaa cheupe cha sare ya shule.

Nikampelekea Bonge. Aah, tambara tu hilo, dada, tupa. Hakuliangalia hata! Sikutupa. Nimekitia kwenye kopo la vifungo, chini kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Redio tangu asubuhi. Msemaji wa jeshi anasema stesheni za nje zinatuzushia. Eti wanajeshi wetu waliua raia kwenye ule mji wa mpakani, wanawake na watoto humo humo majumbani. Uongo mtupu, anasema. Mji ulikuwa mtupu. Wakazi walihama wenyewe, kwa hiari, kabla askari wetu hawajatia mguu. Hakuna raia aliyeguswa hata unywele.

Bonge alikuwa mji huo. Mama akaongeza sauti ya redio, akamwangalia Bonge, akaipunguza.

Nikamwekea Bonge chai, nikauliza kwa upole wangu wote: sasa kama mji ulikuwa mtupu, ulinunua kwa nani? Akaweka kikombe chini. Kusema kweli hakununua, kasema. Aliokota. Nyumba ilikuwa wazi, wenyewe wamekwenda zao, ingeoza tu kwa mvua.

Juzi kanunua, leo kaokota. Nilitaka kuendelea, mama akanikanyaga chini ya meza. Muache mtoto ale.

Jumamosi, 9 Machi

Usingizi umeniruka. Nawaza.

Fundi akihama, kitu cha kwanza ni cherehani. Kichwa kinatoka mezani bila shida, unakifunga kwenye shuka, unajitwika, watoto wanabeba sufuria. Meza unaiacha. Mimi ningeacha kitanda, ningeacha kabati. Ningemwacha hata jirani yetu Mama Redio, na huyo bila kinyongo. Cherehani? Ndiyo mume wangu hiyo! Sasa huyu amehama kwa hiari yake, kwa nafasi yake, akaacha cherehani, akaacha sare ya mtoto na sindano ndani? Sindano unaiacha chini vile ukiitwa mara moja. Ukienda kufungua mlango.

Kufungua mlango.

Leo nimeshona gauni la mteja nayo. Inateleza, haina kelele, imetunzwa na mtu anayeipenda. Nilipoanza kukanyaga Bonge akatoka nje. Nikaacha, akarudi. Nikakanyaga, akatoka. Nikarudia tena makusudi, nione. Akatoka tena, akasimama uani kaupa mlango mgongo. Ni ubaya kumjaribu ndugu yako hivyo, najua. Lakini nilitaka kujua, na sasa sijui nimejua nini.

Jumanne, 12 Machi

Jambo baya.

Mama Redio, ambaye habari hailali mdomoni mwake, ana kijana aliyekuwa kikosi kimoja na Bonge. Wamerudi lori moja. Jana kwenye foleni ya maji kijana akaanza kusema tu, kwa sauti ya kawaida, ndoo mkononi. Kwamba mji haukuwa mtupu. Watu walikuwa ndani. Kwamba waliambiwa wagonge nyumba hadi nyumba, na anayefungua asibaki. Wanawake wakaacha kukinga maji. Mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Leo asubuhi wamekuja wawili, suruali zimepigwa pasi, wamemchukua kwa matibabu. Hospitali gani? Hawakusema. Mama Redio amefunga mlango na dirisha. Yeye! Mtaa mzima umemeza ulimi, na mimi nimo.

Nikamwambia Bonge. Akakaa kitandani, akavua viatu, akavaa, akavua.

— Kweli aliyosema?

— Yule kachanganyikiwa, dada. Malaria imempanda kichwani.

— Mmelala handaki moja, malaria ikamchagua yeye peke yake?

— Dada. Niache.

Sauti ile siijui. Nikatoka, nikajifanya natafuta mkasi. Nampenda Bonge. Nilimbeba mgongoni mpaka mgongo wangu ukajua kulala kwake na kuamka kwake. Naandika hapa kwamba nampenda, maana siku hizi namwangalia mikono akila, na naona haya.

Jumatano, 13 Machi

Amekuja afande wa Bonge, na mtangazaji wa redio ya taifa. Wanatengeneza kipindi. Cherehani sasa ni zawadi! Wakazi wa mji ule, kwa furaha ya kukombolewa, walimkabidhi kijana wetu kwa mikono yao.

Nikauliza, kwa adabu zote: afande, si redio imesema mji ulikuwa mtupu? Akatabasamu, meno yote. Walibaki wachache, dada. Wazee wazee.

Kanunua, kaokota, kapewa. Cherehani moja hiyo hiyo. Bonge alikuwa anaangalia sakafu.

Ijumaa watarekodi hapa kwetu. Mimi nishone, yeye aeleze, kisha mimi nishukuru. Afande akatia neno mlangoni: familia zinazotoa ushirikiano tunazijua. Zisizotoa hakuzitaja. Alilitazama tu dirisha la Mama Redio, akasifia rangi yake.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeingiza mkono kwenye kopo la vifungo. Kitambaa hakipo.

Mama alikuwa jikoni anakoroga uji. Hakugeuka. Nimekichoma, akasema. Unataka watu wa afande wakikute? Unataka wamchukue mwanangu kama yule?

Kumbe anajua! Tangu lini? Hapo nikakumbuka siku ya kwanza, alivyofua gwanda la Bonge hata kabla hajamwandalia chakula, maji matatu, peke yake uani, hataki msaada. Nikadhani ni mapenzi ya mama. Sasa sijui aliona nini kwenye yale maji.

Nikamwambia mtoto mwenye shati naye ana mama. Mama akaziba masikio kwa mikono yenye uji. Wangu amerudi, akasema. Huyo ndiye niliyemwombea. Nimemkasirikia mama, na nimeosha vyombo vyote ili nisiseme kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Wapo hapa sasa hivi. Naandika jikoni, haraka. Wamesimama kubadilisha betri, wanasema.

Walifika mapema. Mtangazaji, fundi mitambo wake, afande. Bonge kavalishwa gwanda jipya. Kinasa sauti wakakitega karibu na gurudumu. Shona, dada, wasikilizaji wasikie, kasema mtangazaji. Ana sauti tamu huyu, hata akiomba kiti unadhani anakuchumbia.

Nikakanyaga. Kanyagio likalia! Mlio mwembamba, wa kutia meno ganzi. Haijawahi, siku zote kimya, leo ndiyo leo. Fundi mitambo akavua vya masikioni: hapana, inaharibu. Nikatafuta mafuta ya cherehani, chupa kavu. Afande akaanza kuangalia saa.

Bonge akainuka. Mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Tangu aishushe hajaigusa. Akachukua kipande cha sabuni kwenye beseni, akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kanyagio, kwenye kiungo kimoja kilichofichwa na mbao za meza. Mimi nimeishonea siku zote hizi, kiungo hicho sikujua kama kipo! Akasugua taratibu.

— Panalia hapa, akasema. Yeye alikuwa anapaka sabuni.

Nikasikia mdomo wangu:

— Yeye nani?

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua.

— Mwenye nyumba. Tulikaa kwake kabla amri haijaja. Alitushonea magwanda, dada, hakutaka hata asante. Mtoto wake alikuwa anataka shati liishe avae kesho yake, akawa anamsumbua, mama maliza, mama maliza—

Afande akasema basi. Neno moja tu.

Mtangazaji akakohoa. Hiyo tutaikata, akasema, kwa sauti ile ile tamu. Akamwambia fundi mitambo arudishe nyuma mkanda. Nikasikia sauti ya mdogo wangu inakimbia kinyumenyume, kisha mkwaruzo, kisha kimya. Betri, wakasema. Tupumzike kidogo.

Nimeandika maneno yake kama alivyoyatamka. Huko redioni hayatakuwepo, na mama akiliona daftari hili jiko liko karibu.

Sijamuuliza amri ilipokuja yeye alisimama wapi. Mlangoni? Nje? Nani aligonga? Nani aliyekata shati kwa kisu? Naogopa kuuliza. Naogopa kwamba leo atanijibu.

Wananiita. Afande amehamia mlango wa nje, anachezea funguo za gari. Nikishukuru, ataondoka na hao aliokuja nao. Nisiposhukuru, kuna nafasi ya mtu mmoja nyuma ya gari, nimeiona. Mama amesimama kizingitini, ananipungia kwa kiganja, njoo, njoo, wana haraka. Macho yake yamevimba.

Mtangazaji amechungulia jikoni. Kaniambia swali la kwanza mapema, nisije nikababaika, niongee tu kutoka moyoni: dada, yule mama aliyekupa zawadi hii, kama anatusikiliza sasa hivi, ungependa kumwambia nini?

Nimemwambia nakuja. Amerudi kukaa. Kutoka hapa namwona Bonge, bado yuko chini kapiga magoti, amegeuza shingo huku jikoni, ananisubiri na yeye asikie nitajibu nini.