Komenti za Baba Nilizozifuta

Jumapili, mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Sasa ni saa kumi na mbili jioni, vyombo nimeshaosha, ila moyo haujatulia. Blogu hii ina wasomaji kumi na wawili, na watatu kati yao ni mimi na simu zangu, kwa hiyo naandika bila woga.

Leo nimeungama kwa baba yangu.

Nianze na yeye. Anaitwa Eliasi Msengi, lakini redioni ni Eliasi Kaamka Mapema wa Kiomboi, na jina hilo analo tangu sijazaliwa. Ni mtu wa kadi za salamu. Waliokua miaka ile wanajua: unachukua kadi, unaandika majina kumi ya watu unaotaka wasalimiwe, chini unaweka ujumbe mfupi, unaipeleka posta. Halafu Jumapili mchana unakaa karibu na redio, unasikiliza zilipendwa, unangoja mtangazaji aisome. Kwa baba, salamu haijafika mpaka isomwe kwa sauti. Ikisomwa imefika, hata kama uliyemsalimia alikuwa shambani hakusikia kitu.

Nilipokuwa shule ya bweni nilikuwa namba nne kwenye kadi yake. Jina langu likitajwa, mpishi, ambaye redio ya shule ilikaa kwake, alikuwa anapiga sufuria na mwiko ili nije mbio jikoni. Niliringa nalo wiki nzima, jamani, sitadanganya.

Mwenzake mkubwa kwenye salamu ni Athumani Sina Kinyongo wa Mungaa. Hawajawahi kuonana. Wanajuana kwa kusomwa tu, huyu akimsalimia yule Jumapili hii, yule akijibu Jumapili inayofuata, miaka na miaka. Mama alipofariki, Sina Kinyongo alituma kadi Jumapili tatu mfululizo za kutupa pole, na jina la baba lilikuwa namba moja zote tatu. Iliposomwa ya kwanza, baba alilia. Mazishini hakulia.

Basi, mwaka huu redio ikatangaza kwamba mambo ya kadi yamekwisha, salamu zote ziandikwe kwenye ukurasa wao wa mtandaoni. Kaka yangu aliyeko Manyoni akamtumia baba simu ya kugusa. Mimi nikamfungulia akaunti, na nywila nikaishika mwenyewe, maana yeye angeisahau. Hapo kwenye nywila ndipo shetani alipopata pa kukaa.

Baba hakubadilika hata kidogo. Anaandika kwanza kwenye daftari kwa kalamu, namba moja hadi kumi, na ujumbe chini. Kisha anahamishia kwenye simu kwa kidole kimoja, miwani kwenye ncha ya pua, nusu saa nzima. Na habari za posti, kwamba kila moja ina mada yake, hana. Kwake ile picha ya juu ni pambo, kama picha ya twiga iliyokuwa kwenye kadi, kwa hiyo anaandika chini ya chochote atakachokikuta pale. Chini ya tangazo la mawigi alimsalimia mchungaji na mkewe. Chini ya matokeo ya mpira akaweka: "Ujumbe: waliovuna alizeti watenge mbegu kabla ya kuuza."

Vijana wakamshukia. Mmoja akamwambia, mzee, hapa sio posta. Mwingine akasema babu kaja na ukoo mzima. Vile vikatuni vya kucheka vilijaa mpaka nikaacha kuvihesabu.

Mimi nauza kwenye duka la dawa hapa mjini Kiomboi. Jumatatu moja Jeni, ninayefanya naye kazi, aliisoma ile ya mawigi kwa sauti, akiigiza uzee. Wateja wakacheka. Mimi nikacheka. Halafu Jeni akaniuliza, "Huyu Kaamka Mapema si wa hapa hapa kwetu? Humjui?"

Nikasema simjui.

Jumapili iliyofuata, baba alipomaliza kutuma na kuweka simu mezani, niliingia chumbani, nikafungua akaunti yake kwenye simu yangu, nikaifuta komenti. Nilijiambia namlinda mzee wa watu. Uongo mtupu. Nilikuwa najilinda mimi na sura yangu pale dukani. Sikusoma hata majina, nilifuta haraka haraka kama mtu anayedeki uji uliomwagika wakati mgeni ameshabisha hodi.

Nimefanya hivyo Jumapili tano.

Zote tano baba amekaa kwenye kiti chake cha kamba, redio kwenye stuli, sikio limeinama. Wengine wakasomwa, yeye hakusomwa. Ya kwanza alisema leo watu ni wengi. Ya tatu akaanza kuumba herufi vizuri zaidi, kubwa kubwa, eti labda mwandiko wake hausomeki. Ni mwandiko wa kwenye daftari, ambao hakuna mtu redioni anayeuona. Nilimtazama akiumba hizo herufi na bado nikaenda kufuta. Ya nne akaniuliza amekosea wapi. Nikamwambia ni mtandao. Mtandao huku kwetu unabebeshwa kila kitu, akanikubalia.

Leo sasa. Kipindi kimefika katikati, wimbo umekatwa, na yule dada mtangazaji akasema ana komenti ambayo lazima aisome yote. Imetoka Mungaa. Naiandika nilivyoisikia:

"Mimi Athumani Sina Kinyongo, naandikiwa na mjukuu wangu. Namtafuta Eliasi Kaamka Mapema wa Kiomboi. Jumapili tano sijamsikia. Mwenye habari zake aseme, hata kama ni za msiba, nijue namna ya kuja kuhani."

Ndivyo walivyo hawa watu wa salamu. Mmoja akikosekana, wenzake wanamtafuta hewani. Na wakifika umri wa baba, majibu mengi yanayorudi ni ya msiba.

Baba alicheka. "Wamenizika," alisema. Wimbo mwingine ukaanza, ukaisha. Akasema taratibu, "Kumbe sikufika." Akachukua daftari akanipa, niangalie mimi niliyesoma, nimwonyeshe kosa lake liko wapi.

Nikafungua. Kurasa tano za mwisho, Jumapili tano. Namba moja kila ukurasa ni Athumani Sina Kinyongo wa Mungaa. Wanafuata mchungaji, kaka wa Manyoni, jirani zetu, shangazi wa Iguguno. Na namba kumi, kurasa zote tano, kwa zile herufi alizoziumba kwa taabu: "Mwanangu Neema wa duka la dawa, anayenisaidia mtandao."

Sikuwa nimewahi kusoma mpaka mwisho.

Nikamwambia yote pale pale, nimesimama, daftari mkononi. Kufuta, Jeni, mawigi, na ile ya kusema simjui. Hiyo ya mwisho ilitoka kwa shida, nusu yake nililia. Nilijua akikasirika ataingia Kinyiramba, maana Kiswahili chake ni cha siku za amani. Hakuingia Kinyiramba. Alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio, kitu ambacho hajawahi kukifanya kipindi kikiwa hewani tangu nimjue.

"Walinicheka sana?"

Nikasema ndiyo, baba, sana.

"Na wewe ukabaki na kicheko hicho peke yako wiki zote hizi. Ungeniambia, tungechekwa wawili."

Basi. Hakuna kingine alichosema juu ya hilo. Afadhali angenigombeza, isingeniuma kiasi hiki.

Akaomba kalamu. Safari hii nilikaa kando yake na, kwa mara ya kwanza, nikamweleza kitu ambacho nilipaswa kumweleza siku ile ile ya kufungua akaunti: kwamba kila picha ina mazungumzo yake, na watu walio chini yake wanaongelea hiyo picha. Juu kabisa leo kulikuwa na tangazo la mtu aliyepotelewa na mbuzi. Baba akaitazama sana ile picha. "Kumbe nilikuwa naingia kwenye nyumba za watu bila hodi," akasema, na akaanza hivi: "Pole mwenye mbuzi, Mungu akurudishie. Baada ya hapo, mimi Eliasi Kaamka Mapema wa Kiomboi ni mzima." Kisha majina kumi.

Kidole kimoja, nusu saa. Akatuma mwenyewe.

Kipindi kilikuwa kimeshakwisha, redioni wanasoma bei za mazao. Lakini jibu la Mungaa lilikuja kabla hajavua miwani: "Nimeipokea, ndugu yangu. Nilikuwa nimeshafua kanzu ya kuja nayo." Mwenye mbuzi naye akashukuru. Na wale vijana wakaanza tena kucheka, wawili watatu. Baba alivitazama vile vikatuni kwa makini, akasema hiki chenye machozi kinacheka vizuri.

Halafu akakumbuka. "Sasa hii nani ataisoma?"

Nikaelewa. Kwake ilikuwa bado iko njiani.

Nikazima redio. Nikasimama mbele ya stuli, nikasafisha koo, nikaisoma kwa ile sauti ya mtangazaji, taratibu, na pole ya mbuzi ikiwemo. Alifumba macho na kutikisa kichwa kwa kila jina, kama anawahesabu watu wanaoingia mlangoni. Namba kumi nikaianza mara mbili. Alingoja nimalize, maana bila kumaliza haihesabiki, nami nikamaliza.

Kesho Jumatatu. Najua Jeni atakuwa ameshaiona ya mbuzi, na ataisoma kwa sauti mbele ya wateja. Nitamwachia asome mpaka mwisho, mpaka namba kumi. Halafu nitamwambia namjua, ni baba yangu, na hilo la mwisho ni jina langu.