Jina la Umm Khalfan

Jumamosi, 9 Oktoba 1976
Daftari hili liniwie radhi. Tangu kabla ya Ramadhani sijaandika hata mstari, na sina udhuru ila uvivu, kitu nilichowakemea wanafunzi wangu wa Unguja miaka thelathini. Leo nimerudi. Kurani, chai, kisha kuhesabu watu. Ofisi ya wali, mkuu wa wilaya, imetaka orodha ya wakaazi wa kijiji hiki alikozaliwa baba, nje ya Maskati, na khabari zake fupi, ipate kuamua kama tutajengewa zahanati. Wazee wameniachia mimi kwa sababu ya hati yangu nzuri ya mkono. Nyumba saba leo. Watoto walinifuata wakiimba, "Mzinjibari anahesabu watu kama mbuzi!" Ndivyo wanavyotuita tuliotoka Unguja. Niliwanyamazisha.

Jumatatu, 11 Oktoba
Khabari za kijiji zimefika ukurasa wa tatu. Falaj, mfereji wetu wa kumwagilia, na zamu zake za maji. Msikiti. Miaka ya ukame. Wanaume waliokwenda Afrika. Juu ya marehemu baba nimeandika: "Saleh bin Masoud alisafiri akiwa kijana, hakuacha nyuma mke wala mtoto." Sentensi safi. Nimeridhika nayo.

Wanawake ni taabu. Hapa mwanamke huitwa Umm, yaani mama, kwa jina la mwanawe, na lake mwenyewe mwanamume wa kando haulizi. Orodha inataka jina lake, la baba na la babu. Kesho mke wangu Shamsa atafuatana nami.

Jumanne, 12 Oktoba


Tulifika kwa Umm Khalfan, yule mjane wa karibu na falaj anayetuletea bakuli la mtindi kila Ijumaa. Nilimwuliza jina. Zuwena. Binti nani? Akanitazama.

"Binti Saleh bin Masoud."

Nikamwambia amekosea, hilo ni jina la baba yangu. Nilimsahihisha!

"Sikukosea, ustadhi. Baba yetu mmoja. Aliposafiri mimi nilikuwa tumboni. Mama aliletewa talaka kwa barua. Ulidhani nani aliyekuwa akiitilia maji mitende yako?"

Shamsa alikaa chini, pale pale mchangani.

Jumatano, 13 Oktoba
Sikula. Nimewauliza wazee. Wote walijua. Kijiji kizima kilijua, isipokuwa yule aliyepewa kuandika historia yake. Baya zaidi: walidhani najua, na kwamba nimenyamaza kwa ajili ya shamba.

Nilipofika hapa miaka minne iliyopita nilikuta nyumba imefagiwa na mitende imezaa. Nilipokea vyote kama mrithi pekee. Sikuuliza. Theluthi ni yake kwa sheria ya mirathi.

Baba ndiye aliyenifundisha kusema kweli. Nina hasira na maiti.

Na miaka minne hii yote, yeye aliye mkubwa wangu ndiye aliyekuwa akiniamkia kwanza.

Alhamisi, 14 Oktoba
Mwanangu Masoud amekuja kutoka Maskati kwa gari. Anataka kujenga nyumba ya matofali shambani. Nimemweleza.

"Baba, babu yuko kaburini, mwache apumzike. Andika Umm Khalfan, basi. Nani atajua?"

"Kila mtu," nikamjibu.

Shamsa alikuwa anakuna nazi, nazi kavu ya dukani. Hakuinua kichwa. "Na bakuli la kesho, Bwana, utalipokea kwa uso gani?"

Masoud amerudi Maskati bila ya kula.

Ijumaa, 15 Oktoba
Bakuli halikuja. Baada ya sala nilimpelekea mimi la wiki iliyopita, limeoshwa, Shamsa ametia halua ndani.

Nilisema shikamoo. Akauliza ni neno gani hilo. Nikamweleza kuwa ndiyo salamu ya mdogo kwa mkubwa wake. Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya shela.

Nikamwambia theluthi ya shamba ni yake. Nikaomba ruhusa nimwandike katika nyumba yetu, binti wa baba yangu, wasome watu wote.

Aliliweka bakuli chini.

"Ulikuja mikono mitupu, na watoto. Ningekuja na madai? Shamba si kitu. Lakini jina la mtu asiyerudi nimelibeba peke yangu maisha yangu yote. Leo ndiyo unataka kulitia kwenye karatasi? Niache nifikiri, ndugu yangu."

Nimeifuta ile sentensi ya baba. Katika orodha nimeacha mstari mmoja mtupu, chini ya jina langu. Ofisi ya wali itangoja. Zuwena akishaamua, nitaandika.