Taya la Mama

Chilangala, Newala
Novemba 1906

Kwa mdogo wangu Basil,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea, na barua yenyewe Nikolao amenikabidhi mkononi. Natumai u mzima huko Lindi na kazi yako kwa bwana daktari inakwenda vizuri. Sisi huku tu wazima wa kuvumilia. Njaa ya vita haijatuacha, tunachimba mizizi ya ming'oko porini, na maji bado tunayafuata bondeni. Watoto wanakusalimu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Niliposoma barua yako nilidhani sikuelewa. Nikasoma tena, hasira ikanipanda. Unasema bwana wako Mdachi anapanga aina za uvimbe wa taya la juu. Kuna kifuko cha maji kinacholetwa na jino bovu, na hivyo anavyo tele, havimshughulishi. Kuna kinacholizunguka jino lililokataa kuota. Na kuna kile anachokitafuta sana, ambacho mtu huanza nacho tumboni mwa mamaye, pale pande mbili za uso zinapoungana. Elimu hiyo siipingi. Lakini wewe ukamwambia kwamba mama alikuwa na uvimbe kaakaani, nyuma ya meno ya mbele, uliokuwa ukitoa majimaji ya chumvi. Naye akasema labda uliletwa na ndonya aliyotogwa kwenye mdomo wa juu, labda alizaliwa nao, hawezi kujua mpaka aushike mfupa. Sasa unaniomba niwaonyeshe askari kaburi la mama wachukue kichwa chake, eti kitapelekwa Ulaya kwa heshima!

Heshima gani, Basil? Hata kumzika hukuja. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mama alikufunza, tena vizuri, sasa huo ulimwengu unakufundisha nini? Taya hilo ndilo lililokutafunia mihogo ulipokuwa huna jino hata moja. Nikolao anasema ulimsimulia mambo haya huku unacheka, ukasema mfu haumwi. Ungekuwa karibu ningekuzaba kofi mbele ya bwana wako, na kofia yako hiyo ya kazi ikaanguka.

Mjomba Stefano nilipomsomea alitema mate chini, akasema nisikujibu kabisa. Ningemtii. Lakini mwishoni umeandika kwamba hata nikikataa watakuja kuchimba mvua zikipungua, kwa kuwa umeshawaelekeza kaburi lilipo. Kwa hiyo nalazimika kukwambia neno ambalo mimi na mjomba peke yetu tunalijua.

Mama hayumo kaburini. Mwaka jana askari walipowasaka waliowapikia vijana waliokunywa maji ya vita, na mama alikuwa mmoja wao, tulilivisha sanda shina la mgomba tukalizika. Matanga tuliyalia kwelikweli, maana hofu ilikuwa ya kweli. Mama yu hai. Alipo sikwambii. Kaniki uliyotuma ya msiba ndiyo anayojifunika. Uvimbe wake anao, ndonya yake anayo, na meno ya mbele yote ni mazima, anamenya miwa kwayo.

Wakichimba watakuta mgomba uliooza, kisha watamtafuta mwenye kaburi. Bwana wako ana aina nyingi za uvimbe, lakini kamba ya kunyongea ni ya aina moja tu. Basi nenda ukamwambie umekumbuka vizuri: meno ya mbele ya mama yalikuwa yameoza, na usaha ulikuwa ukitoka. Sema ni kile cha jino bovu, ambacho hakimshughulishi. Ulimuuza mama kwa ulimi wako, na kwa ulimi huohuo utamkomboa.

Barua hii ichome mbele ya Nikolao, aje aniambie ameiona ikiteketea.

Mjomba hana salamu kwako. Mama anazo nyingi. Kila siku anakuombea kwa jina na kuuliza kama unakula vizuri. Hajui ulichoomba. Nitamwambia au nitanyamaza, hilo litategemea utakalolifanya.

Ni mimi dada yako,
Severina