Ilikuwa Jua, Mudogo Yangu

Mudogo yangu Kasongo,

Telefoni unaikata. Mesaji za batoto yangu haujibu. Basi ninaandika na mukono yangu, na batu bote basome, juu nilikufukuza mbele ya batu.

Unajua minye, yaya yako, ule mukubwa. Hapa Shituru hakuna fundi wa parabole za televizyo mwenye kunipita. Bengine banatembea na vyombo vya kupimia. Minye ninaangalia mayulu mbinguni, ninasukuma sahani na bega, ninafunga buloni, picha inatoka. Weye ulikuwa unashika ngazi. Miaka yote ile sikuanguka hata mara moja. Lakini ulikuwa na uvivu moja: mangaribi, kisha kula, unaegemea mulango ya lupango na jumele yako ya kuonea mbali, ile ya soko ya Kambove, unaniita, "Yaya, kuya uone. Kuko nyota moja haitembei." Nilikuwa ninakujibu kwamba nyota haitupi bukari ya kula, kesho kuko kazi.

Kisha mambo ya mama wa butiki. Mwezi wa tisa ya mwaka jana, saa tatu ya asubuhi, televizyo yake ikakufa. Kesho yake, saa ile ile, tena. Akatuita. Batu bakajaa mulangoni, moja akauliza kama fundi mukubwa amezeeka. Weye ukapanda, ukaangalia, ukasema polepole, "Yaya, parabole iko muzuri. Ni jua."

Nilicheka. Nikakuuliza jua inaangalia televizyo tangu lini. Batu bakacheka pamoja na minye, na ile ilinifurahisha, sitaficha. Nikasema weye njo ulisogeza sahani, ushuke, usishike tena ngazi yangu. Uliacha hata jumele.

Mwaka hii nimekasirika sana. Na weye, juu ya kunyamaza. Na jua pia. Televizyo ya kwangu, yenye nilifunga na mikono hii, imekufa saa tatu ya asubuhi. Nikapanda peke yangu, chini hakuna mutu. Nikaona kivuli ya kichwa ya parabole imelala katikati kabisa ya sahani. Jua ilisimama sawasawa nyuma ya satelite, ile yenye kututumia picha, inaifunika na moto yake. Dakika kidogo, picha ikarudi. Sikugusa kitu.

Hapo nikakumbuka nyota yako yenye haitembei: labda ni satelite hii. Nikafunga jumele na mupira ya gurudumu ya velo kwenye nguzo ya kamba ya nguo, iangalie pale sahani inaangalia. Kila mangaribi, moshi ya makala na haya macho ya uzee. Siku ya saba, bure. Ya nane, bure. Mama jirani akaniuliza kama ninatafuta bibi mupya mayulu. Nikarudisha jicho kwenye jumele. Siku ya kumi, karibu saa mbili na nusu, nyota zilikuwa zinapita ndani ya jumele moja moja, kama batu ya kazi banatoka uzine. Moja ikabaki pale pale. Ikawaka, ikaongeza, ikashinda zote, kisha ikazimika: kivuli ya dunia imeimeza.

Sasa niko na kalenda yangu, hakuna fundi mwengine iko nayo: mwezi wa tisa, jua ikiua picha, uhesabu siku kumi, satelite inawaka. Nilivumbua peke yangu.

Peke yangu, nimesema. Ni bongo, nimedanganya. Ile mangaribi niligeuka kukuita uangalie, nikaona ngazi tu kwenye ukuta.

Nilienda kwa mama wa butiki, nikamuelezea yote mbele ya batu benye kununua. Alipima sukari mpaka mwisho, hakuinua kichwa. "Papa," akasema, "si minye njo ulifukuza."

Basi ninakuambia weye. Parabole ilikuwa muzuri. Ilikuwa jua.

Mwaka yenye kuya, televizyo ikikufa saa tatu, uko na siku kumi za kufika. Jumele sitaifungua kwenye nguzo. Ngazi sijapatia mutu.

Minye yaya yako, ule ulikuwa unamushikia ngazi.